Mishipi Mitatu ya Rwema

Jumamosi ile ya Juni 2015, Bamurange alimtolea mumewe hukumu hata kabla chai haijachemka.

"Baba Gisa, leo ni mara ya mwisho. Ukirudi bila samaki, hizo fimbo zako tatu za kuvulia zinakwenda kwenye mnada wa kanisa."

Miaka miwili Rwema alikuwa akivua, na kwa miaka miwili hakuwa ameleta nyumbani hata mkia. Kwenye ghala la Okolona, huku ughaibuni, alikopakia makasha siku tano kwa wiki na mara nyingi sita, wenzake walimwita mvuvi wa maji, kwa kuwa maji ndiyo pekee aliyoyatoa ziwani. Na nyumbani, kitasa cha mlango wa nyuma kilikuwa kimelegea tangu Pasaka, hajakikaza.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba hata hakuzaliwa mtu wa samaki. Kwao, milimani Kivu ya Kusini, watu walikuwa wa ng'ombe. Samaki waliachiwa watu wa ziwani, huko bondeni. Lakini ng'ombe hafugwi katika nyumba ya kupanga, na mwanamume sharti awe na kitu cha kushinda akikitazama.

Siku hiyo alikuwa na mwalimu. Ombati, Mkenya aliyekwenda Columbus kusomea uhasibu akabaki hukohuko, mtaa wa Clintonville, alikuwa amejuana naye Buffalo kwenye kongamano la Wakristo wa Kiswahili. Sasa alikuwa ameendesha gari saa tatu na nusu kuja kumwokoa. Walipofika ziwani akashika fimbo ya kwanza, akaupapasa mshipi wake.

"Mzee Rwema, huu unabeba kilo ngapi?"

"Thelathini. Wa kusuka. Duka zima hakuna unaoushinda."

"Na huu?"

"Uleule."

"Wa tatu usiniambie."

"Bon, sikuambii. Wewe ungefunga fahali kwa uzi wa kushonea?"

Ombati alivuta pumzi ndefu. Akamtoa kwenye sanduku chura wa mpira. "Mshipi wa kusuka ni wa huyu. Unamburuta juu ya magugu, samaki wetu, besi, anammeza na kukimbilia humohumo maguguni. Hapo unahitaji nguvu. Lakini huyu mnyoo wa plastiki anatambaa chini, na maji haya ni maangavu. Besi anauona mshipi wako kama wewe unavyoona nyaya za umeme. Mnyoo anataka mshipi wa florokaboni. Inazama, na majini haionekani."

"Na hiki kisamaki cha bandia kinachoelea?"

"Nailoni. Inaelea nacho, tena inavutika."

"Nikikitia hiyo florokaboni?"

"Itakivuta pua chini, kizame."

"Donc, kila mdudu na kamba yake," alisema Rwema. "Nchi hii, hata mnyoo wa plastiki ana masharti. Na kamba inayovutika, kwetu ni kamba mbovu."

"Boss, ndoana za kisamaki ni ndogo. Besi akiuma, wewe unavuta kwa nguvu zako za ghalani, mshipi haulegei hata chembe, mdomo unachanika, huyo kaenda. Ni mara ngapi umemsikia akiuma halafu akapotea?"

Mara nyingi. Siku zote Rwema alizilaumu ndoana. Siku moja hata aliziombea.

Walibadilisha mishipi ya fimbo mbili, huku Rwema akinung'unika kila fundo. Saa nne hivi, kwenye fimbo ya nailoni, maji yalipasuka na kisamaki kikatoweka. Mshipi ukavutika, ukavumilia, na besi akaja hadi ukingoni, kijani, mnene, amefumbua kinywa.

Ombati akamlaza kwenye rula. Inchi kumi na nne. Kibao cha hapo ukingoni kilisema chini ya kumi na tano arudishwe.

"Mnyooshe mkia," alisema Rwema.

"Nimeunyoosha."

Wakampiga picha, wakamrudisha. Hadi jioni hakuuma mwingine.

Bamurange alikuwa jikoni. Alitazama ndoo tupu, kisha simu.

"Picha haikaangwi, Baba Gisa."

"Alikosa inchi moja tu."

"Kumbe hata samaki wa hapa anadaiwa karatasi kama sisi."

Rwema akamweleza habari ya mishipi, chura na mnyoo na kisamaki, akitumaini kuhurumiwa. Bamurange, aliyekamua ng'ombe hadi siku walipokimbia, aliweka kisu chini.

"Ngoja. Miaka miwili ulikuwa unamfunga ndama kwa kamba ya fahali?"

"Si hivyo hasa."

"Ni hivyo. Ukutani kwenu zilining'inia kamba ngapi?"

"Tatu."

"Ya fahali, ya kukamulia, ya ndama. Mtoto wa miaka mitano alizijua. Mzee Ngarambe, baba yako, angekuona..." Alitikisa kichwa, na hilo lilimuuma Rwema kuliko tusi.

Neno lilikuwa neno. Akakusanya fimbo zake tatu azipeleke garini kwa ajili ya mnada. Alipofika mlango wa nyuma, mkewe akasema bila kugeuka, "Peleka mbili. Ile ya kamba ya ndama, ya huyo wa pichani, iache."

Rwema alisimama, kitasa kikichezacheza mkononi.

"Mama Gisa, miaka yote hiyo nilikuwa na fimbo tatu na mshipi wa aina moja. Leo ndiyo nimeelewa kwamba kila mshipi unataka fimbo yake. Na leo ndiyo unaniachia moja."

"Basi mtafute samaki wa hiyo moja," alisema Bamurange. "Na ukirudi, uje na bisibisi."