Shida Huonekana

Hebu mwone anavyoingia ofisini kwa mlezi wa wanafunzi wa chuo cha ufundi: begi dogo kwapani, sketi imepigwa pasi ikapigika, kola imesimama kama askari anayengoja kukaguliwa. Darasani wanamwita Binti Pasi. Ukimtazama utaapa ametoka kwenye nyumba yenye sebule mbili.

Nyumba gani! Ametoka chini ya meza ya kukatia vitambaa, kwenye karakana ya ushonaji ya chuo hichohicho. Baba yake mdogo aliweka mpangaji katika chumba cha binti, akamwambia binti mtu mzima hujitafutia. Naye akajitafutia: analalia mabaki ya vitambaa, anaamka kabla ya kuku, anaoga kwa ndoo, anawasha pasi ya darasa. Walipotangaza bweni la wanafunzi wasio na pa kulala, alikuwa wa kwanza kubisha hodi.

"Karibu, mwanangu," mlezi akasema. "Umekuja kumwombea nani?"

"Najiombea mwenyewe, mwalimu."

Mlezi akamtazama kuanzia kola hadi viatu, akacheka. "Wewe? Hata mimi sijanyooka hivyo. Tuwaachie wenye shida ya kweli."

"Shida ya uongo inakuwaje, mwalimu?"

"Usinijibu hivyo. Shida huonekana."

Binti akarudi darasani, akakanyaga cherehani kana kwamba anamkanyaga mtu. Jirani yake wa cherehani ya pili alishajua.

"Nilikwambia, shoga. Mwombaji hana kola. Fumua pindo, jipake jivu, kohoa kidogo. Yule kaka wa useremala alikwenda na shati lake la kupakia rangi, sasa hivi anachagua godoro. Na kwao wana jenereta."

"Sifumui pindo nililoshona kwa mkono wangu."

"Haya. Jifunike hilo pindo, basi."

Alasiri akamfuata mlezi, akamwomba aje aone kwa macho yake. Mlezi akaja. Akainama chini ya meza, akashika vile vitambaa, akauona mswaki ndani ya kikombe. Akakigeuzageuza kile kikombe, hata binti akadhani leo huruma imemwingia. Kisha mlezi akasimama, akajipangusa magoti.

"Kumbe unalala kwenye mali ya chuo bila ruhusa?"

Jioni ileile karakana ikatiwa kufuli jipya. Binti Pasi akaenda kulala hospitali, kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa. Kila aliyemuuliza alimjibu kwamba mama yake yuko wodini, na mama yake kaburini hana hata habari. Asubuhi mvua ikamkuta njiani akirudi. Akafika chuoni sketi imekunjamana kama karatasi iliyotupwa, matope hadi magotini, kola imelala.

Mlezi akakutana naye kwenye korido, uso ukamchangamka.

"Eeh, hapo sasa naona! Mbona hukuja hivi tangu mwanzo? Kitanda kipo." Akatoa ufunguo mfukoni, akamning'inizia mbele ya pua. "Ila usibadilishe nguo kwanza. Wafadhili wanakuja mchana kupiga picha. Nataka wakuone hivihivi."

Hasira ikampanda binti. Si ya benchi, wala ya mvua. Ni ya yule mtu aliyepiga magoti, akayaona malazi yake, akagusa kwa mkono wake mwenyewe, na bado hakuona kitu mpaka alipoona matope.

"Mwalimu, nikipiga pasi nguo hizi, ndiyo nitakuwa nimepata pa kulala kwetu?"

"Usianze tena maneno yako. Wenzako wanakipigia magoti kitanda hiki. Pokea, useme ahsante."

Mvua bado inanyesha. Ufunguo unaning'inia, na mlezi anangoja shukrani yake. Wewe uliyeamkia kitandani kwako leo, ukiwa na hiari ya kuvaa unavyotaka, ungemwambia aseme nini?