Miezi Minane ya Rockville

Mwaka aliofariki mume wangu, fomu zetu za kodi ya mapato nilikwenda kujaziwa na dada mmoja Mkenya wa kanisani kwetu, Springfield, jimbo la Virginia. Ndiye aliyekuwa akitujazia karibu sote, baada ya ibada, kwenye meza ya chai. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Mume wangu alikuwa mpishi wa hoteli Rockville, jimbo jirani la Maryland, na sisi tunaoishi Virginia na kufanya kazi Maryland tunajua: mshahara unautolea kodi nyumbani, kule hujazi chochote.

Yule dada aliigeuza karatasi ya mshahara ya mume wangu. Kisha akaniuliza kwa nini mwajiri alianza kukata kodi ya Maryland katikati ya mwaka.

Kosa lilikuwa langu. Kiharusi kilimpata mume wangu akiwa kazini, na kutoka hospitali wakampeleka kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa hukohuko Rockville. Alipenda mno kufungua barua. Hata matangazo ya magodoro aliyasoma mpaka mwisho. Basi nikabadilisha anwani yake kazini, barua zimfuate kitandani, apate cha kushika. Nilijiona mke mwenye akili, kumbe ujanja mwingi mbele kiza. Hotelini waliona anwani ya Maryland wakamhesabu mtu wa Maryland, na malipo yake ya ugonjwa wakayakata kodi ya huko.

Dada akanieleza taratibu kwamba ili kusahihisha, ni lazima tujaze fomu ya Maryland ya asiye mkazi. Ila kwanza alitaka kuhakikisha kwamba kweli hakuwa mkazi, maana alilala huko miezi minane.

"Pole, Dada, lakini lazima nikuulize. Alikuwa anaplan kurudi home Springfield, ama alikuwa amehamia huko?"

Nikakiweka kikombe chini. Kila nilipokwenda kumwona aliniuliza, kwa ule upande wa mdomo uliobaki: lini? Nami nilimjibu Ijumaa. Ijumaa ikipita, nasema ijayo. Tulikaa ghorofa ya tatu bila lifti, nami nilikuwa na kazi mbili. Daktari alikwisha kuniambia ukweli, na nguo zake za kazini nilikwisha kuzigawa. Wauguzi walinisimulia baada ya mazishi kwamba kila Ijumaa alitaka avalishwe viatu tangu asubuhi. Niliumia, na bado naona haya.

"Alikuwa anarudi," nikasema.

"Sawa. Basi ni mkazi wa Virginia. Wanaangalia nia yake."

Akaandika. Nikasaini mahali pa mke, chini ya maneno yanayosema kwamba yote niliyotaja ni kweli. Na yalikuwa kweli, kwa sababu fomu ilitaka nia yake. Yangu haikuulizwa.