Salamu Yangu Ilipasula Pua ya Coach wa Beni

Ndiyo, ni miye. Yule coach mwenye batu banasemaka alipiga mwenzake kichwa mu katikati ya kiwanja, ni miye Kambale, na kama balikuambia damu ilitoka, hawakukudanganya, ilitoka, na ilitoka mingi. Haya niko nayo, sifichi. Mais yule mwenye kusema nilimupiga juu ya kasirani, aikale chini anisikilize, juu ile siku nilikuwa na heshima mingi kupita siku zote za maisha yangu, na njo heshima yenyewe iliniponza.

Miye niko coach wa timu ya Butembo. (Timu ya kweli, yenye kucheza championnat, yenye iko na bus na maillot ya kubadilisha, hapana ile ya kupigia mupira nyuma ya kanisa.) Zamani nilikuwa beki, magoti yangu inajua. Ku Butembo ukitaja jina yangu mu soko, bamama bananikatia bei ya nyanya ao bananipandishia, inategemea tulishinda ao hapana.

Ku Beni kuko Coach Ramazani. Ni mutu murefu, muislamu, mutoto wa familia ya baendeshaji ba malori, anasemaka pole pole sawa mutu anapima kakao ku mizani. Miye na yeye hatukukuwa na shida hata kidogo. Shida ilikuwa ba supporteurs. Match ya nyuma mawe iliruka, ligue ikatuita sisi wawili, ikatuambia: mukivuruga tena, hata kidogo tu, match ya kurudishana ku Butembo itachezwa bila batu. Bila batu! Fikirini batu ba Butembo, benye banafungaka maduka juu ya mupira, bafungiwe inje ya mulango, basikilize goli yabo ku radio sawa batu benye bako ku kilio!

Donc tukapatana ku telefone: match ikiisha, mwenye kushinda na mwenye kushindwa, tutakutana katikati ya kiwanja, tutapeana mukono, batu bote baone, kiisha kila mutu aende kwake. Ramazani akaniambia, «Coach, mukono tu. Mukono inatosha.» Na miye nikaitika.

Match ikachezwa Beni. Na jua ya Beni munaijua (sisi ba Butembo tumezoea baridi na majaketi, kule tunayeyuka sawa mawese karibu ya moto). Mais tulicheza! Franchement, tulicheza mupira muzuri mpaka batu ba Beni benyewe banapiga makofi, na miye pale ku benchi kifua ilikuwa imejaa. Goli haiko, goli haiko, mpaka karibu ya mwisho, beki yangu mumoja akagusa mupira na mukono. Penalti. Goli. Filimbi. Imeisha vile.

Bachezaji bangu balilala mu majani banalia. Nikabaambia, «Simameni! Mutu wa Butembo anashindwaka akiwa amesimama!» (Hii maneno niliitunga pale pale, mpaka leo inanifurahisha.) Na miye mwenyewe nikavuta zip ya jaketi mpaka ku shingo, nikaanza kutembea, na Ramazani naye anatoka ku upande yake, na batu bote banatuangalia, na mu ile kutembea wazo moja ikaniingia, wazo ndogo tu. Nikajiambia: Kambale, mukono tu? Mukono unapatiaka hata mutu wa kukuuzia unités ya telefone. Leo umeshindwa kwabo, mbele yabo. Basi baonyeshe vile Butembo inaheshimuka mutu. Mupe kichwa!

Munajua kwetu: mukono ni ya kila mutu, mais mutu wako wa kweli munagusana kichwa, kushoto, kuume, kiisha paji kwa paji, na hapo mumekuwa ndugu. Njo zawadi nilikuwa ninamupelekea.

Sasa, Ramazani naye (hii niliijua nyuma) alikuwa na wazo yake. Kwabo, mutu ukimuheshimia, ukiisha kumupa mukono unatia mukono ku kifua na unainama kidogo. Na juu alikuwa ameshinda, hakutaka nione sawa ananikalia ku kichwa. Akajiambia leo nitainama vizuri, niiname kabisa, Kambale asisikie haya. Donc tukapeana mukono, muzuri, batu banaanza kupiga makofi, kiisha yeye akashuka na miye nikapanda. Na juu yeye ni murefu na miye ni mufupi, nilikuwa nimejiinua ku vidole vya miguu, na kwa nguvu.

Kwaa!

Paji yangu ikakutana na pua yake. Ramazani akaenda chini, mikono ku uso, na polo yake nyeupe ikaanza kuwa nyekundu. Ee Nyamuhanga, Mungu wangu! Coach mwenye ameshindwa juu ya penalti, amemutia kichwa coach mwenye ameshinda. Njo vile ilionekana. Hata miye, kama nilikuwa juu ku ngazi kati ya ba supporteurs, ningesema vile vile.

«Coup de tête! Coup de tête! Amemuua coach!» Kiwanja muzima ikasimama. Masachet ya maji ikaanza kuruka, kiisha viatu, na nikaona bale ba nyuma banainama kutafuta mawe. Nikalalamika, «Hapana! Ni salamu! Ni salamu!» lakini nani anasikia? Nikanyoosha mukono nimuinue Ramazani, batu bakasema ninamuongezea ngumi. Polisi mumoja akanishika ku kola, zip ikapasuka. Na capitaine yangu Paluku, yule mwenye ninafundishaka adabu kila siku, akakuja mbio, macho inawaka furaha, «Coach, uko mwanaume! Sisi bote tuko nyuma yako!» Nikamuambia rudi nyuma, mwenye wazimu weye, rudi!

Na ku pembeni, journaliste wa radio anapiga kelele mu micro ya kwamba coach wa Butembo amepoteza akili, na ile radio inasikikaka mpaka kwetu, juu telefone yangu ikaanza kulia mu mufuko, polisi ananivuta, sijui nini iligusa wapi, nikasikia sauti ya muke wangu Kahindo inatoka mu suruali: «Kambale! Umepiga mutoto wa batu kichwa? Na kesho unaimba mu chorale?»

Nikamuona arbitre anakuja, karata nyekundu mu mukono. Moyo ikaanguka. Hapana juu yangu. Miye nifukuzwe, nitakula muhogo. Niliona milango ya kiwanja yetu ku Butembo imefungwa, na batu bote bananionyesha kidole: njo huyu, na kichwa yake.

Hapo Ramazani akasimama. Akasukuma polisi. Akanishika shingo na mikono mibili, na batu bakapiga kelele, «Mupige! Mupige!» Nikafunga macho, nikajiambia, haki yake.

Nikasikia kichwa yake inagusa yangu ku kushoto. Pole. Kiisha ku kuume. Kiisha akatia paji yake ku paji yangu, pole pole sawa mutu anaweka yayi ku meza, na machozi inamutoka juu ya maumivu, na damu yake inaangukia viatu vyangu. Akanigeuza ku upande ingine, juu bale ba kule hawakuona vizuri, akaanza tena, na safari hii batu bakahesabu naye: «Moja! Mbili! Tatuuu!»

Kiisha akaomba micro ya journaliste. Akasema na sauti ya puani, «Ndugu zangu ba Beni, huyu mutu alinisalimia. Alikuja kunipa kichwa, na miye nikamuinamia. Pua ni yangu, na nimeisamehe. Wekeni mawe chini.»

Batu bakacheka! Bale benye balikuwa na mawe bakayaacha, bengine hata bakanitupia kofia. Arbitre amebaki pale na karata yake, anauliza, «Sasa miye niandike nini?» Ramazani akamujibu, «Andika: salamu kali.»

Na njo vile iliandikwa. Ligue haikufunga kitu. Nilirudi Butembo na jaketi ya kupasuka, bamotard na pikipiki zabo banakimbia pembeni ya bus yetu banaita «Coach Kichwa! Coach Kichwa!», na ku nyumba Kahindo akaniuliza zaidi kupita polisi. Mais nawaambia ukweli: nilikuwa na haya mpaka ku masikio, na nilikuwa na furaha ya kiburi mingi. Juu yangu kidogo. Zaidi juu ya yule mutu wa Beni, mwenye nilimuharibia uso mbele ya batu ba kwabo na akatoa machozi ili batu ba Butembo baone mupira yabo.

Na baliiona. Match ya kurudishana ilichezwa kwetu, milango wazi, batu mpaka ku miti, na tulishinda (hiyo muikumbuke vizuri). Filimbi ikalia, nikaanza kwenda katikati, na hapo kiwanja muzima ikapasuka na kicheko. Nikaangalia: Ramazani anakuja, na ku kichwa amevaa casque, ile kofia ngumu ya pikipiki, kioo imeshuka mpaka ku kidevu. Anatembea pole pole sawa bwana arusi. Akafika, akanyoosha mukono kutoka mbali. Kiisha akavua ile casque, akanitia yo miye ku kichwa, akasema, «Vaa weye, Coach. Ni weye uko na silaha.» Na akatia mukono ku kifua, akainama, chini kabisa, mbele ya Butembo yote. Miye nilisimama wima sawa muti wa umeme, casque ku kichwa, ninalia ndani yake.

Tangu pale nilijiapia. Mutu akinikaribia na mukono, hata awe mukubwa wa ligue, hata awe père, padri wa paroisse, ninarudi nyuma kidogo na ninamuuliza kwanza: «Pardon, weye unainamaka?»