Mjomba Alikataa Maji

Papa alinipiga kwa mkanda wa mashine, ule mpana, mweusi, alioutoa katika karakana ya reli alikofanya kazi. Ulinuka grisi. Hadi leo nikisikia harufu ya grisi, mgongo wangu hujikunja kabla sijakumbuka kitu. Nilikuwa na miaka tisa. Alinipiga kwa ajili ya maji yaliyomwagika, kwa ajili ya kicheko, kwa kuchelewa kuitika. Mama akiingia kati, naye alipigwa.

Jirani alikwenda kusema kwenye ofisi ya ustawi wa watoto, na mama mmoja wa ofisi hiyo akaja kwetu na karatasi. Akasimama katikati ya kiwanja, majirani wote wakisikia, akasoma: baba akiendelea, mtoto atatolewa nyumbani, atapelekwa kwa masista.

"Sitwayene," Papa alisema, akimwita 'raia' kwa Kifaransa cha dhihaka, akicheka kwa meno tu, "umezaa wangapi? Enda kwanza uzae, njo ukuje kunifundisha."

Majirani wakacheka. Yule mama akaondoka. Papa akafunga mlango, akanivunja mkono. Nilisikia mfupa ukilia kama kijiti cha muhogo.

Siku ya tatu yule mama wa ofisi alirudi, bila karatasi. Alipouona mkono wangu umefungwa kwa vibanzi, aliketi chini karibu na Mama, akaanza kuchambua ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, pamoja naye.

"Nilikosea, mama," akasema. "Nilimuletea bwana yako haya mbele ya watu, ikamuangukia mutoto. Kwenu ni wapi?"

"Moba."

"Na kaka yako anajua?"

Mama akainamisha kichwa. Kwa watu wake mtoto huhesabiwa upande wa mama, na neno la mjomba ndilo la mwisho. Alikuwa amemficha kaka yake kila kitu.

Yule mama wa ofisi akampelekea habari, na Mjomba akaja kwa mtumbwi wa mota. Mama alimtengea bukari, ugali wetu, na samaki, na kikombe cha maji. Akavisukuma mbali.

"Shemeji, sitakula kwako. Hata maji sitakunywa. Sema kwanza na kinywa chako kile ulimufanyia mutoto wangu."

"Nilimufunza tu."

"Sema."

Papa akaruka, akashika mkanda, akaupiga mezani. Sahani ikapasuka. Mjomba hakutikisika, midomo yake imekauka kwa jua la ziwani. Papa alijua: shemeji akiondoka na kiu, undugu umekatika, nami ningeondoka naye, Mama nyuma yetu. Kivuli cha nyumba kilivuka kiwanja chote.

"Nilimuvunja mukono," akasema mwishowe.

"Sisikii."

"Nilimuvunja mukono! Alikuwa analia, nikaendelea!"

Mjomba akanywa kikombe kizima. Kisha akauchukua mkanda, akauzungusha kiganjani, akautia mfukoni, akamwonyesha Papa yule mama wa ofisi aliyekuwa ameketi mlangoni.

"Mutoto atabaki. Huyu mama atakuja kila Jumamosi. Utamuambia yeye vile umeniambia mimi."

Yule mama alikuja. Jumamosi ya kwanza Papa alinuna, ya pili akamtukana. Ya nne alikuwa amefunga kitambaa kwenye ngumi, damu ikipenya.

"Na juma hili, papa?"

"Nilipiga ukuta."

Yule mama akautazama ukuta, udongo uliomeguka sawasawa na kimo cha kichwa changu.

"Na mutoto alikuwa wapi?"

"Palepale. Akatoka mbio kabla sijapiga."

"Nani alimuambia atoke?"

Papa alikikaza kile kitambaa kwenye ngumi.

"Mimi," akasema.