Tapeti ya Silinda ya Tatu

Mafundi wenzake walimwita Mvungu, kwa kuwa nusu ya umri wake ameimaliza chini ya magari. Wateja wengi waliijua miguu yake kuliko uso wake. Ukimsalimia, kiatu ndicho kilichoitikia.

Alikuwa na msimamo mmoja tu maishani: hang'oi injini. Wengine, gari likikohoa kidogo, wanaleta winchi, wanaining'iniza injini kama mzoga, kisha inalala sakafuni hadi mwenyewe anasahau kama aliwahi kuwa na gari. Mvungu alilitibu gari kama lilivyo. "Mgonjwa wa tumbo havuliwi ngozi," alisema, na hakuna daktari aliyewahi kupita pale gereji kumbishia.

Basi shemeji yake, mjane wa kaka yake, akamwita. Gari la marehemu lilikuwa linakunywa oili kuliko petroli, na moshi wake ulikuwa umefukuza mbu wa mtaa mzima. Marehemu mwenyewe alikuwa mtu wa kawaida kabisa, ingawa mazishini alimwagiwa sifa ambazo, angezisikia, angegeuka kutazama anasemwa nani.

"Shemeji, nataka liishi," mjane alisema, amesimama kizingitini, nyuma yake cherehani imeng'ata suruali ya mteja. "Moshi utoe. Ila ule mlio usiuguse."

"Mlio upi?"

"Ule wa tiki-tiki. Kaka yako akifika kona ya kinyozi, nausikia, nabandika chai. Akiingia mlangoni, maji yanachemka. Miaka yote hivyo."

"Shem, ule ni ugonjwa."

"Najua. Kuna watu wagonjwa na bado tunawapenda."

Mvungu akakubali kwa kichwa. Kichwa cha fundi, kama cha mgombea, hukubali lolote kabla kazi haijaanza.

Akalipandisha gari juu ya magogo pale uani kwa mjane, akamwaga oili iliyokuwa nzito kama uji uliosahauliwa. Akafungua hedi, kichwa cha injini, juu, akaingia mvunguni kushusha sampu, bakuli la oili, akafungua beringi, kisha akazisukuma pistoni zitokee juu kwa mpini wa nyundo, moja moja, injini ikiwa imekaa palepale ilipozaliwa. Ringi mpya. Beringi mpya. Valvu akazisaga mpaka zikakaa kwenye viti vyake kama wageni waalikwa. Ikabaki kupima nafasi za tapeti, vile vyuma vinavyosukuma valvu, na hapo ndipo shetani alipompanda. Tapeti moja ya silinda ya tatu ilikuwa imelegea. Hiyo ndiyo iliyokuwa inagonga tiki-tiki. Mkono ukaikaza kabla akili haijaulizwa. Fundi mzuri akiona kitu kimelegea ni kama shangazi aliyeona binti asiyeolewa: hawezi kupita bila kutia mkono.

Akalizungusha gari mitaani kulijaribu, akarudi kupitia kona ya kinyozi. Injini kimya, unasikia hadi kiti kinavyolalamika. Akaegesha mlangoni, akakaa kusubiri pongezi.

Hakutoka mtu. Ndani, cherehani iliendelea kukimbia. Mwishowe akaingia mwenyewe.

"Mbona umekuja kwa miguu?" mjane aliuliza bila kuinua kichwa.

"Gari liko mlangoni."

Cherehani ikasimama. Mjane akatazama dirishani, akatazama jiko. Jiko halikuwa na kitu.

"Umelinyamazisha."

"Limepona, shemeji."

"Kaka yako naye mlisema amepumzika."

Mvungu akalitazama jiko lile tupu.  Yeye mwenyewe hakuwahi kutegewa sikio na yeyote akirudi, ila na mbwa wa gereji, na huyo alitega ili akimbie mapema.

Akatoka. Akafungua kifuniko cha valvu huku akiangaza macho kama mwizi, fundi mwenzake asije akamkuta anaiharibu kazi nzuri. Akailegeza ile tapeti kidogo sana, kwa bisibisi na kwa kumbukumbu. Akawasha. Bado. Akalegeza tena, unywele tu. Kisha akaenda kuzunguka.

Kona ya kinyozi: tiki-tiki-tiki.

Mjane alikuwa nje kabla gari halijasimama, anajifuta mikono kwenye kanga, na uso ambao Mvungu hakuwahi kuuona hata siku ya harusi yake na marehemu. Uso ule ukaja mbio hadi dirisha la dereva. Ukamkuta yeye.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi, shemeji."

Ukachukua muda kuondoka, uso ule. Mvungu akautazama hadi mwisho, maana hakuwa na hakika kama ataonyeshwa mwingine.

"Basi ingia. Nimebandika chai."

Akashika ufunguo.

"Usizime kwanza," mjane akasema, akaegemea mlango.

Ndani, maji yakachemka, yakafurika, yakazima jiko.

Hakuna aliyekwenda.