Lambris Iliyovimba Bungulu

Siku yangu ya kwanza ku atelier ya baseremala, pale Butembo, nilivaa shati nyeupe na nilibeba musumeno wa baba. Niliwaza nitakata mbao mpaka jasho initoke. Chef d'atelier, mutu mufupi mwenye sauti ya kuita batu ng'ambo ya mulima, aliniangalia toka kichwa mpaka viatu.

"Jina?"

"Kambale, chef."

"Kambale, weka musumeno chini. Leo hapana kukata. Leo tunapokea bageni."

Bageni gani? Kumbe ni mbao za libuyu, zile nyekundu za pori, zilikuwa zimeshushwa ku camion asubuhi. Tulizipeleka ndani ya salon ya mutu mwenye tulikuwa tunamufanyia kazi, tukazipanga moja juu ya ingine, na fito nyembamba katikati ili hewa ipite. Kisha chef alinikataza kuzigusa juma nzima.

"Mugeni akitoka safari, unamuuliza habari mbele ya kumupa kiti na maji?"

"Hapana, chef."

"Basi, mbao pia. Inywe kwanza hewa ya nyumba yenye itakaa. Ikishazoea, ndiyo unaipima."

Nilicheka moyoni. Nilikuwa na miaka makumi mbili, nilijua kila kitu.

Ninyi batoto ba leo, munabandika plastiki yenye picha ya muti ku ukuta kwa saa mbili tu, munaita kazi. Haya, sikilizeni. Lambris ni kuvalisha ukuta mbao: unajenga fremu, na ndani yake unaweka ubao mwembamba, tunauita panneau. Moulure ni ule ukanda wenye mawimbi unaozunguka fremu na kufuata dari, unaficha maungio. Pembeni unaukata mushazari, ile ni onglet, ncha mbili zikutane bila nafasi. Chef alipima onglet na ukucha. Ukucha ikiingia, unarudilia. Nilirudilia mpaka nikachukia pembe zote za dunia. Lakini ile siku ukucha yake ilipita bila kushikwa, eeh! Niliimba toka atelier mpaka kwetu, na kwetu ni mbali.

Kisha nilitumwa Kayna, chini ya Contremaître, musimamizi wa kazi, mutu wa maneno kidogo. Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, dari imeinama. Niliweka moulure sawasawa na niveau, kile kipimo chenye tone la maji, nikajisifu. Akaniita mulangoni.

"Ona."

Niliona. Moulure ilikuwa sawa, na salon yote ilionekana imelewa.

"Niveau inasema kweli," akasema, "lakini bageni ba salon habana niveau, bana macho. Toa, ufuate dari."

Nilitoa. Bile ndiyo nilijifunza, kwa kufanya na kutoa.

Sasa tufike Beni. Pale Bungulu, mutaa wa Beni, kulikuwa Papa Mwalimu, mutu wa darasa na muzee wa kanisa, baba ya Kavira. Kavira nilikuwa ninamupenda kama mutu mwenye homa. Familia zilikuwa zimepatana, mbuzi za mahari ziko tayari, siku ya dot, ya kupokea mahari, imepangwa Siku ya Posho, ile ya sita. Papa Mwalimu akaomba atelier yetu ivalishe salon yake lambris, bakwe bakaribishwe vizuri. Chef akanituma mimi, akicheka.

"Mukwe anajenga ukuta wa kukaribisha bakwe. Uangalie, Kambale. Mbao tayari iko kule, inapumzika."

Ile mbao haikupumzika hata siku mbili. Nilitaka Kavira aone kazi imesimama. Beni ni joto na mvua, si baridi yetu ya Butembo, na mbao nilikuwa nimezikausha karibu na moto ya atelier mbele ya kuzituma. Nilikata kila panneau ikaze kabisa ndani ya fremu, nikapaka kole, ile gundi ya mbao, nikapiga misumari. Siku ya Ine salon ilingaa. Mama ya Kavira alipiga kigelegele. Kavira alipitisha kidole juu ya moulure, akaniangalia, na mimi nilikuwa mufalme.

Usiku mvua ilinyesha. Siku ya Tano asubuhi, Papa Mwalimu anakunywa chai, tukasikia *ta!* Kipande cha moulure kiliruka toka ukutani, kikaangukia sahani ya mikate. Tukainua macho. Panneau zilikuwa zimevimba tumbo mbele, moja kisha ingine, ukuta muzima.

Ee Mungu wangu! Dot kesho!

Papa Mwalimu aliweka kikombe chini.

"Mutu anashindwa kungojea mbao," akasema polepole, "atangojea mutoto wangu namna gani, siku ameugua, siku amekosa, siku amezeeka? Nitakataa mbuzi."

Kavira alisimama mulangoni, macho yamejaa machozi.

Chef d'atelier alifika saa sita, juu ndiye alipaswa kusema kwa upande wetu kesho yake. Aliona ukuta, aliona sura yangu, akavua koti. Hakunigombeza. Ile iliniumiza zaidi.

"Papa Mwalimu, utupe ukuta mpaka jua lizame. Kambale, leta randa."

Tulifungua fremu, tukachonga panneau kila upande, tukaziacha zicheze ndani ya mifereji ya fremu, bila kole, bila musumari. Mikono yangu ilitoka damu. Papa Mwalimu alikaa ku kiti chake, akituangalia. Nilipofika panneau ya mwisho, ile iko nyuma ya kiti, akainua mukono.

"Hii iache imevimba."

"Papa, itaonekana!"

"Ninataka ionekane. Siku utamupigia Kavira makelele, nitakuita, ukae mbele yake, uiangalie."

Chef akacheka mpaka akashika ukuta. Papa Mwalimu naye akacheka. Mimi nikalia, sina haya kusema. Kesho yake mbuzi zilipokelewa.

Toka pale nimevalisha salon nyingi, mpaka Manguredjipa kwa batu ba dhahabu, na kila pahali balinilalamikia: "Huyu muzee anakuja kulaza mbao!" Nilibajibu: basi, na wewe ulale. Sasa niko ku retraite, randa zimepumzika. Papa Mwalimu ametutoka, lakini mbele ya kufa alishaniita mara mbili, na mara zote mbili nilishuka Beni, nikakaa, nikaangalia. Panneau ile bado imevimba. Hakuna mwenye anaruhusiwa kuigusa.

Juzi nilimupigia Kavira makelele juu alihamisha sanduku yangu ya kazi. Alipangusa mikono, akachukua kitenge, akajifunga.

"Twende, tushuke Bungulu."

Nikamusogezea kiti, nikamuletea maji.