Disketi ya Tatu

Kabla sijagusa kitufe chochote, baba mdogo aliweka kiganja juu ya kioo cha kompyuta, akafumba macho, akaomba. Aliomba kwa Kifaransa, kwa sauti ile ile ya kikundi chake cha maombi pale parokiani, akimsihi Bwana aondoe kila uchafu uliojificha ndani ya mashine. Mimi nilisimama nyuma yake nikitazama alama ya mafuta ambayo kiganja kiliacha kwenye kioo. Nilitaka kumuuliza Bwana angeingilia wapi, kwenye tundu la disketi au kwenye waya wa umeme. Sikuuliza. Kwetu hakuna aliyemuuliza baba mdogo maswali.

Sababu ilijulikana na ukoo mzima. Mama yangu ni binti wa watu wa Kasai. Alizaliwa Likasi, kwenye kambi ya wafanyakazi, na Kasai yenyewe hajawahi kuiona. Watu wa Kasai walipofukuzwa mjini kama wageni, kaka zake walilala wiki kadhaa stesheni, na magodoro na masufuria, wakingojea mabehewa ya kuwapeleka kwenye nchi wasiyoijua. Waliondoka. Mama alibaki, mjane, katika nyumba aliyoiacha baba yangu. Watu walisema alibaki kwa sababu mdogo wa mumewe, karani wa kampuni, aliongea na wakubwa. Tangu siku hizo, kila Jumapili mama alimpikia bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na samaki akipatikana, kipande cha katikati kilikuwa chake. Hata hati ya nyumba, kile kijitabu tunachokiita livret, alikichukua yeye akitunze, na tukamshukuru kwa hilo pia. Chuo kikuu Lubumbashi nilijifunza kumtilia shaka Mungu, serikali na walimu wangu wote. Hadithi hii sikuitilia shaka hata siku moja. Nilikula na kunywa ndani yake.

Kompyuta nayo ilitoka kampuni. Ofisi zilipoanza kufa, kila mtu alibeba alichoweza. Mmoja alibeba viti, mwingine mlango pamoja na bawaba zake, baba mdogo akabeba kompyuta. Sasa ilikuwa imempatia tumaini. Wageni waliokuja kugawa unga walitafuta karani mwenye mashine yake mwenyewe, awaandikie orodha za familia zenye njaa. Wangekuja Jumatatu kuiona.

“Iko na virusi,” aliniambia Ijumaa hiyo asubuhi. “Futa yote, mwana. Kiisha uweke DOS ya mupya. Na usisome kitu, ni mambo ya bureau, mambo ya zamani.”

“Yote yote, papa?”

“Yote. Weye ulisoma informatique ku université, ao ulisoma kuuliza?”

“Alisoma grève!” mkewe alipaza sauti kutoka jikoni, akacheka peke yake. Hakukosea. Chuo kilifungwa kwa migomo mara nyingi kuliko kilivyofunguliwa, na ndiyo maana nilikuwa nyumbani.

Alinipa disketi tatu zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli, nakala za DOS, programu ya kuiendesha mashine, walizotengeneza ofisini. Nikaingiza ya kwanza, nikawasha. Kibodi ilikuwa ya Kifaransa lakini mashine haikujua hivyo bado. Kupata A ilibidi nibonyeze Q, na nukta mbili zilikuwa zimejificha kwenye M. Niliandika amri ya kufuta diski iliyo ndani ya mashine. Ikauliza kama nina hakika, kwa sababu kila kilichoandikwa kitapotea. Nikabonyeza O, Oui. Hivyo hivyo. Mimi mwenye kuuliza kila kitu sikuuliza ni nini kinapotea, kwa kuwa umeme ungeweza kukatika wakati wowote na nilitaka kumaliza. Asilimia zikaanza kupanda. Ndani ya sanduku kulisikika mkwaruzo kama wa panya kwenye gunia.

Diski ikabaki tupu. Disketi ya kwanza ikaingia vizuri, ya pili ikaingia. Kisha mashine ikaomba ya tatu. Niliiweka. Ikaiomba tena. Nikaitoa, nikaipuliza, nikairudisha. Ikaiomba tena, kwa adabu ile ile.

Niliacha zoezi, nikaiwasha mashine upya kwa disketi ya kwanza, nikaomba kuona kilichomo kwenye ya tatu. Faili za DOS hazikuwemo hata moja. Kulikuwa na faili moja tu: PARCEL.TXT, yaani viwanja vya nyumba.

Nilielewa mara moja kilichotokea, kwa sababu nawajua makarani wa kampuni. Hakuna karatasi waliyoiandika bila nakala ya pili ya kujiwekea, maana mkubwa aliyekutuma leo kesho atakana. Hiyo ndiyo shule waliyosomeshwa tangu enzi za Wabelgiji. Na mjini hapakuwa na disketi tupu hata ya dawa. Basi baba mdogo alichukua ile aliyodhani haina kazi, akaifuta, akaweka nakala yake, akasahau.

Nikaifungua. Mistari ilipita mbio, nikawahi kuisimamisha kwa kitufe cha Pause. Zilikuwa safu nne, colonne za makarani, zimenyooka, kazi safi ya karani mzuri. Namba. Nyumba na vyumba vyake. Jina la baba wa familia na mahali alipotoka. Mpokeaji, yaani wa kupewa nyumba mwenyewe akishafukuzwa. Kumi na moja ilikuwa nyumba ya fundi wa kuchomelea aliyenifundisha kuendesha baiskeli; pembeni pameandikwa friji. Wapokeaji niliwajua. Mmoja aliimba sauti ya nne kwenye kwaya. Nikaendelea kubonyeza.

Arobaini na moja ilikuwa nyumba yetu. Vyumba vinne. Veuve, mjane. Attendre, kungojea, mahali ambapo mistari mingine iliandikwa gare, stesheni. Na kwenye safu ya mpokeaji, jina la baba mdogo.

Nilimsikia akipumua nyuma yangu. Alikuwa ameshika kikombe cha chai.

“Nilikuambia usisome.”

“Ulikataza diski, papa. Hii ni disquette.”

Alisoma mstari wake pole pole, kama mtu anayehakiki kazi ya mwingine. Kisha akaweka kikombe chini.

“Ile attendre, njo iliokoaka mama yako. Unasikia? Kama ni mwingine aliandikaka, angeandika gare tu. Gare, gare, gare, sawa bale bengine. Minye niliandika attendre.”

“Na jina yako inafanya nini pale pembeni?”

Alitazama taa ya dari.

“Umeme utaenda,” alisema. “Kesho utafute disquette ya tatu ku Mulungwishi. Kule ku masomo biko na machine kama hii. Na ile ya sasa unipe.”

Niliitoa, nikaitia mfukoni mwa shati. Alinyoosha mkono. Nikapita chini ya mkono wake kama mtoto, nikatoka. Hakunifuata. Angenifuata, majirani wangeuliza.

Mama alikuwa akichambua mchele uani kwetu. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama, namba, vyumba, mjane, jina. Nilitarajia alie. Aliendelea kutupa mawe madogo pembeni.

“Nilijuaka,” alisema.

“Ulijuaka nini?”

“Alikuyaka hapa kuhesabu madirisha. Muntu anahesabu madirisha ya nyumba ya kaka yake ya nini? Nilimupa chai.”

“Na bado unamupikia!”

“Nikimupikia, anakuya peke yake, kwa mulango ya mbele. Nikiacha, atakuya na bengine.” Alinyoosha mkono wenye vumbi la mchele. “Leta.”

Nilimpa. Nilikuwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira ilikuwa juu ya mama: miaka yote ile ya vipande vya katikati, na mimi nikimshikia baba mdogo beseni la kunawa.

Jumamosi nilienda Mulungwishi, kwenye shule ya huko, juu ya lori la mkaa. Sijui kwa nini nilienda. Labda nilitaka niwe mbali na nyumba. Mwalimu mmoja wa hesabu aliniazima disketi yao ya tatu bila kuuliza kitu. Niliporudi mama aliichukua nayo, akaiweka pamoja na ile nyingine ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Jumapili baba mdogo alikuja baada ya misa, amevaa suti yake ya kahawia. Nilimshikia beseni. Alikula kama kawaida, akifinyanga bukari kwa vidole vitatu, mafuta ya mawese yakimtiririka hadi kwenye kifundo cha mkono. Alisubiri mama aweke samaki ndipo aliponigeukia.

“Mwana, ile disquette?”

“Iko na minye, shemeji,” mama alisema. “Ziko mbili. Unataka ile gani?”

Tonge lilisimama hewani.

“Yote mbili.”

“Bon. Leta livret ya nyumba.”

Alilimeza lile tonge. Nilidhani angesimama, angepiga meza, angetaja jina la kaka yake marehemu. Alichukua samaki. Alimla mzima, akanyonya miba, akaomba maji ya kunawa. Saa tisa alirudi na livret ndani ya bahasha ya kampuni, na mama akaisoma ukurasa kwa ukurasa, muhuri kwa muhuri, kabla hajafungua lile kopo.

“Mama, ile orodha usimupe,” nilimwambia mbele ya baba mdogo. “Ni ushahidi.”

“Wa kupeleka kwa nani?” aliuliza. Alinitazama kweli, akangojea jibu. Nilifikiria mahakama, polisi, askofu, magazeti ya Lubumbashi. Majina ya wapokeaji yalinipita kichwani.

“Kesho uende umumalizie kazi,” alisema.

Nilienda. Baba mdogo hakuomba safari hii. Alisimama juu ya bega langu mpaka nikaifuta kwanza ile disketi ya orodha. Mashine ikauliza kama nina hakika. Mara hii nilijua ninachofuta, na nilibonyeza O vile vile, kwa kidole kile kile. Leo, nikijaribu kuiandika upya ile orodha kwa kumbukumbu, napata namba kumi na moja, arobaini na moja, na nyingine sita au saba. Zaidi ya hapo ni giza, na giza hilo ni kazi yangu.

Disketi ya Mulungwishi ilifanya kazi mara ya kwanza. Wageni walifika saa nne, wakafurahi kuona mashine inawaka bila matata. Walimpa jina la mtaa wa kuanzia. Walipoondoka alikaa, akavuta kiti, akafungua ukurasa mpya, maana programu yake ya zamani ilifutika pamoja na diski, akatazama kibodi.

“Mwana,” aliniuliza, “hapa colonne wanazitengeneza namna gani?”

Nilimwonyesha.